Chuma Kinachongojea Chai

Rangwe nzima walimwita Mzee Obare Fundi wa Chai, na kila aliyelitamka jina hilo mbele yangu nilimjibu palepale, awe mteja, awe mtu wa boda, awe mzee wa kanisa. Mimi sina kifua cha kuweka maneno. Aliyekuwa akisemwa ni mwalimu wangu, na waliomsema walikuwa wakifungua mageti aliyoyatengeneza yeye na kulala kwenye vitanda alivyoviunga yeye.

Lakini jina lenyewe halikutoka hewani. Mzee alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo mteja mwenye haraka hakuiweza. Ukimletea chuma cha kawaida, plau iliyovunjika au mguu wa kitanda, alichomelea akamaliza, ukaenda zako. Ukimletea chuma cha manganizi, kama yale mataya ya mashine za kuponda mawe ya dhahabu kutoka Migori, mambo yalibadilika. Alichomelea urefu wa kidole kimoja tu, akazima mashine, akavua miwani, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akaketi. Mkono wa kushoto aliulaza juu ya kile chuma, shubiri moja kutoka alipochomelea, kama mtu anayemshika mtoto kipaji cha uso kuona kama ana homa. Chai ikiisha, anawasha mashine. Kidole kimoja, kikombe kimoja. Wateja walisimama pale wakitazama saa zao mpaka wakachoka wakaketi chini.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Nilikuja huku kumtembelea shangazi yangu aliyekuwa akipika kwenye misheni ya Asumbi, na siku moja nikipita Rangwe nikaona cheche kando ya barabara, nikasimama. Karakana zote nilizowahi kuulizia kazi, kwetu na Migori mjini, zilinijibu kwamba msichana atashika ufagio. Mzee Obare aliniangalia miguuni, akasema viatu vya wazi vitaniunguza, kesho nije na buti. Hakuuliza lingine. Kesho yake nilikuwa mlangoni na buti. Siku hiyohiyo aliniita nyar Kuria, binti wa Ukuria, na hajawahi kuniita Emmaculate, hata siku ya harusi yangu.

Kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani, Mzee alikuwa fundi wa reli upande wa Kisumu. Kazi yake ilikuwa kutibu krosingi, yaani pale ambapo reli moja inakata nyingine. Mahali hapo lazima liachwe pengo ili ukingo wa gurudumu upite. Gurudumu huvuka lile pengo na kutua kwenye ncha ya chuma wanayoiita pua, na kila gurudumu la kila behewa hutua palepale. Ndiyo maana pua hutengenezwa kwa manganizi, chuma ambacho kadiri kinavyopigwa ndivyo ngozi yake inavyozidi kuwa ngumu. Hata hivyo nacho huchoka. Hubonyea, hutoa magamba, na chini ya magamba huwa kuna nyufa nyembamba zinazotembea ndani kimyakimya. Mzee alichimba uozo wote huo, kisha akaijenga pua upya, kidole kwa kidole.

Na chuma hicho ni kikorofi. Reli ya kawaida lazima uipashe moto kabla ya kuichomelea, la sivyo itapasuka. Hiki cha manganizi ukikipasha umekiua, na kinakufa bila kukuonyesha. Kinabaki kinang'aa, rangi ni ileile, ila siku kitakapopigwa kitavunjika kama kigae. Haya Mzee alinieleza mapema kabisa. Alichokuwa akikisikiliza kwa ule mkono wa kushoto ni joto, na mkono ukimwambia bado, hata angekuja nani, alisubiri. Hilo nililielewa. Chai niliiona kuwa ni chai tu.

Mwaka jana, kwenye kliniki ya Homa Bay, wakamkuta na sukari.

Hapo sharti nimtaje Mama Helen, mke wake. Mama Helen ni Msabato. Wapo Wasabato wanaokunywa chai, ila yeye si mmoja wao, na tangu aolewe majani ya chai yalikuwa hayajawahi kuvuka mlango wa jiko lake. Mzee ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, kwa hiyo walisikilizana hivi: chai ibaki karakanani. Mzee aliinunua kwenye kibanda cha mkabala, ikiwa na maziwa mengi na sukari ya kutia aibu. Daktari alipomwambia aache sukari, Mzee alisema chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria, akaacha vyote viwili kwa mpigo. Mama Helen aliimba jikoni wiki nzima. Akaanza kumletea soya ya uvuguvugu kwenye chupa, na Mzee akainywa kwa heshima ya ndoa. Kikombe cha bati kikatundikwa kwenye msumari ukutani, kikaanza kushika vumbi.

Miezi ikapita hivyo. Kazi zetu zilikuwa mageti na plau, hakuna aliyeleta manganizi.

Kisha Jumatatu moja lori likasimama mbele ya karakana likiwa limebeba krosingi nzima. Lililetwa na mhandisi kijana aitwaye Monari, Mkisii mpole, shati limechomekwa vizuri mpaka nikamwonea huruma kwa vumbi letu. Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza kipande cha reli ya zamani huko juu kuelekea Muhoroni. Krosingi mpya zilikuwa bado zinasubiriwa kutoka nje, na wastaafu wa reli walimwambia yupo mtu Rangwe aliyekuwa akizifufua.

"Mzee, line tumefunga mpaka Friday," alisema. "Hii ikirudi poa, italala hapo na treni ya abiria itapita juu yake. Na ziko zingine zinangoja nyuma."

Mzee aliikaribia krosingi. Alipitisha mikono juu ya ile pua iliyobonyea, akaizunguka, akainama kuinusa. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu awe mgonjwa. Monari alipokwenda kuzungumza na dereva, akanivuta kando.

"Nyar Kuria, hii ndio ya mwisho yangu," aliniambia. "Watu wa hapa wameniita mvivu mpaka watoto wao wananiita mvivu. Nataka hii ilale kwa reli, treni ipite juu yake, na wajue hii mkono ilikuwa inafanya nini."

Nikamwambia italala kwa reli. Nilikuwa sitanii.

Jumanne nzima tulichimba. Mzee alikuwa akielekeza, mimi nikiwa na grinda. Kila nilipodhani nimefika kwenye chuma kizima, Monari alipaka rangi yake nyekundu ya kutafutia nyufa, akaipangusa, akapuliza unga mweupe juu, na mistari myekundu ikajitokeza kwenye weupe, myembamba kama mishipa ya jicho la mlevi. Nyufa. Nikachimba tena. Pua ikapungua mpaka Monari akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

"Mzee, si tutabaki bila kitu?"

"Wacha imalize kuficha," Mzee alisema.

Jioni unga mweupe ukabaki mweupe. Tulikuwa na shimo la kutisha mahali palipokuwa na pua, lakini lilikuwa shimo safi.

Jumatano asubuhi tukaanza kujenga. Mimi nilishika rodi ya kuchomelea, Mzee akaketi kwenye kigoda chake akiwa ameulaza mkono wa kushoto juu ya chuma. Nachomelea kidole kimoja, nazima, namtazama. "Haya," anasema. Nachomelea tena. "Haya." Ilikwenda vizuri mno. Sikuwahi kuona manganizi ikienda kwa mwendo ule. Vijana wa boda waliokuja kutazama walianza kumtania kwamba kumbe tatizo lilikuwa chai, tangu aache amekuwa fundi wa moto.

"Mzee leo ako na rieng, ako na mbio," mmoja alisema. "Anamaliza kabla lunch."

Monari alifurahi mpaka akaondoka kwenda kutafuta mahali penye mtandao mzuri awapigie wakubwa wake. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi pia. Nilijiona fundi.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri nilipozima mashine na kuinua kinyago. Harufu ya rodi naijua, ya rangi inayoungua naijua, ya glavu ya ngozi naijua. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa harufu ya nyama.

Nikatazama chini. Mkono wa Mzee ulikuwa palepale, shubiri moja, umetulia juu ya chuma, na pembeni ya kiganja ngozi ilikuwa imeanza kujikunja.

"Haya," Mzee akasema.

Niliunyakua mkono wake, nikauvuta, nikamwagia maji ya ndoo. Hakushtuka wala hakulalamika. Aliangalia kiganja chake kilichovimba malengelenge kama anaangalia glavu ya mtu mwingine. Kisha akaangalia krosingi, kisha akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa yote kabla sijafungua mdomo. Sukari ilikuwa imekula mkono wake kutoka ndani, kidogokidogo, na haikuacha alama nje. Chuma kilikuwa kimemwambia bado, bado, bado, tangu asubuhi, na yeye hakusikia.

"Tangu lini, Mzee?"

"Sijui. Kama ningejua ningekuambia."

Nilimfunga kitambaa safi.  Wale vijana wa boda walikuwa wameshaondoka kufuata abiria, na hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Mbele yetu ilikuwa pua mpya, nzuri, inang'aa, iliyojengwa juu ya joto tusilolijua. Ningeweza kuisugua ikapendeza. Ningeweza kusema mkono umeguswa na grinda. Nilimwona Monari akija kutoka ng'ambo ya barabara akitabasamu, simu mkononi, na uongo ukawa tayari mdomoni mwangu. Nilikuwa nauandaa kwa ajili ya Mzee. Mtu aliyeniambia nije na buti ningemdanganyia dunia.

"Ni grinda," nilianza, "imemgusa kido..."

"Nyamaza, nyar Kuria." Mzee alisimama. Alimnyooshea Monari ule mkono uliofungwa. "Injinia, mkono yangu imekufa. Haisikii moto. Kazi yote ya leo tumefanya moto kama jiko. Mimi ndio nilikuwa nasema haya, si huyu msichana. Toeni yote."

Tabasamu la Monari likaondoka polepole. Hakupandisha sauti. Aliinama, akapaka rangi yake nyekundu, akapangusa, akapuliza unga, tukasimama watatu tukingoja. Kando ya mshono wangu mzuri, mahali ambapo jana palikuwa peupe kabisa, ikajitokeza mistari miwili mitatu, mifupi, myekundu. Nikamshukuru Mungu kwa ile mistari, na nililia nikiwa namshukuru. Ingekuwa ni magurudumu yaliyoionyesha badala ya ule unga, sijui ningelala vipi maisha yangu yote.

"Asante kwa kusema," Monari alimwambia Mzee. "Wengine hawangesema."

Nilichukua grinda nikaanza kubomoa kazi ya asubuhi. Hapo ndipo Mama Helen alipofika na chakula cha mchana na chupa yake ya soya. Aliuona mkono, akaweka kikapu chini.

Mzee alimweleza kwa Kijaluo, na mimi nilifuata kiasi nilichoweza. Mama Helen alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Juzi aliinua sufuria bila kitambaa. Nilisema tu Mungu amempa nguvu. Nilisema asante."

Mzee alimsogezea kigoda chake.

Swali lililobaki lilikuwa: kesho tutalipimaje joto? Monari alikuwa na kifaa cha kulengea chuma kikakupa namba, lakini alikiri mwenyewe kwamba kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kifaa hicho hudanganya. Mkono wangu haukuwa umefundishwa. Miaka yote nilikuwa nikingoja neno la Mzee, sikuwahi kuweka kiganja changu pale nikasikia tofauti ya haya na bado. Sote tukamgeukia yeye.

Mzee alikuwa akitazama ukutani, kwenye msumari.

"Mkono ilikuja baadaye," alisema taratibu. "Nikiwa kijana kule reli sikuwa na mkono. Nyapara wetu alitupatia kikombe. Unazima moto, saa hiyohiyo unamimina chai inachemka. Hiyo kikombe, hakuna ingine. Ukiweza kunywa bila kupuliza, chuma iko tayari. Nilikunywa mpaka mkono ikajifunza yenyewe. Halafu nikaendelea kunywa, mkono na kikombe zinaongea pamoja, moja ikikosea ingine inaikamata." Akaangalia kitambaa mkononi. "Nilipoacha chai nilisema si kitu, mkono iko."

Nilikaa chini kwenye chuma chakavu. Miaka yote ile nilikuwa nikigombana na watu wa Rangwe kwamba Mzee anakunywa chai huku akifanya kazi. Kumbe hata mimi niliyekuwa nikimtetea sikujua ninatetea nini. Chai yenyewe ndiyo ilikuwa kazi.

"Lakini sukari, Mzee," Monari alisema.

"Sukari haijafika kwa ulimi," Mzee akajibu. "Nitainywa chungu. Shida ni kibanda. Ule mama anaweka sukari ndani ya sufuria asubuhi, chai yote tamu. Na ikivuka barabara inapoa, zamani mkono ndio ilikuwa inajaza hiyo pengo."

Mama Helen aliokota kikapu chake na kuondoka bila kuaga. Nilimfuata kwa macho nikidhani amekasirika. Na sikumlaumu. Alikuwa ameomba kwa miaka mingi mume wake aiache chai, na sasa wanaume wawili na msichana wa Kikuria walikuwa wameketi wakipanga namna ya kumrudisha kwenye chai.

Tulibomoa mpaka jioni, unga ukarudi kuwa mweupe.

Alhamisi nilifika mapema nikakuta Mama Helen amenitangulia. Alikuwa amewasha jiko la makaa kwenye kona ya karakana, mbali na mitungi ya gesi, na juu yake sufuria ilikuwa inachemka. Hakuwa ameitoa chai kwenye kibanda. Alikuwa amenunua majani mwenyewe, akakamua maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Kikombe cha bati kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinawaka.

"Nimepika mara moja nyumbani nione kama inatoka," aliniambia bila kunitazama. "Imetoka?"

Nikaonja. Ilikuwa chai ya mtu asiyewahi kunywa chai, majani mengi kupita kiasi, nyeusi licha ya maziwa yote yale. Nilimwambia imetoka, na nilikuwa nasema kweli. Iliyokuwa ikichemka ilikuwa ikichemka.

"Hii si ya kunywa," alisema. "Ni ya treni ya watu."

Tukaanza. Nachomelea kidole kimoja, nazima. Mama Helen anamimina. Mzee anashika kikombe kwa mkono mzima, anangoja, anagusisha ulimi, anatikisa kichwa, anangoja tena. Kisha anapiga funda, anakunja uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini, na kusema, "Haya." Lakini safari hii aliongeza jambo. Kabla sijawasha, aliniambia nivue glavu.

"Weka mkono. Shubiri moja. Sikia hiyo. Hiyo ndio haya."

Nikaweka kiganja. Mara ya kwanza nilisikia joto tu, basi. Baadaye, kikombe baada ya kikombe, nikaanza kutambua joto hili na hili si moja. Kuna joto linalokusukuma na kuna joto linalokupokea. Kufikia mchana nilikuwa naweka mkono kabla Mzee hajapiga funda, nasema haya au bado, na yeye anahakikisha kwa ulimi. Nilikosea mara kadhaa. Kila nilipokosea alicheka, na kuniambia hata yeye nyapara alimpiga makofi.

Kwa kuwa kungoja kulikuwa kwingi, Monari alitafuta picha kwenye simu yake akamwonyesha Mzee.

"Huko college tulikata crossing kama hii tukaiangalia kwa microscope. Ona, Mzee. Ndani iko na punje punje, kama mahindi kwa gunzi. Ukichoma sana, hapa katikati ya punje na punje kunaota hii kitu nyembamba. Hapo ndio inapasukia."

Mzee aliileta simu karibu na jicho. Alikaa nayo muda mrefu, chai ikipoa, mpaka Mama Helen akalazimika kuimwaga na kumimina nyingine.

"Nyapara alituambia ndani kuna punje," alisema hatimaye. "Nilimwamini tu. Sikujua nitakufa nimeziona." Akamrudishia Monari simu kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliofungwa. "Asante sana, kijana yangu."

Wale vijana wa boda walirudi. Waliona kikombe, wakacheka, wakasema Fundi wa Chai amerudi kazini. Mama Helen alinitazama akingoja nilipuke. Nikasema ndiyo, amerudi, na mkitaka nafasi ya kutazama ingieni mkae, ila msizibe upepo. Wawili waliingia. Mmoja aliuliza swali la maana kuhusu nyufa, na Mzee akamjibu vizuri kama mwalimu wa shule.

Ijumaa asubuhi nilisugua pua, Monari akapaka rangi nyekundu, akapangusa, akapuliza unga. Tukangoja. Mama Helen alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Unga ulibaki mweupe. Monari akagonga pembeni kwa nyundo ndogo, akaipima kwa rula yake ya chuma kila upande, akasema atarudi na zilizobaki. Tulipoinua krosingi kuipakia, kila aliyekuwa barabarani alishika mahali, hata yule mama wa kibanda. Mzee hakushika. Alisimama kando, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kitu mkononi, akaangalia lori mpaka likapotea.

Jumapili Monari alituma video fupi. Treni ya abiria inapita polepole, magurudumu yanatua, ta-ta, ta-ta, juu ya pua yetu. Mzee aliitazama karakanani, kisha akaomba aitazame tena.

"Ero kamano, nyar Kuria," alisema. Asante.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa na deni la asante, tangu siku ya buti, na kwamba siku aliyonyoosha ule mkono mbele ya Monari alinifundisha kitu kikubwa kuliko uchomeleaji wote. Nilisema yote, na nilisema vibaya, maneno yakigongana. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Hakuniambia nimenena vyema wala nimekosea. Alinipa tu kitambaa chake nijifute, nacho kilikuwa na grisi, nikatoka uso mweusi.

Mama Helen alikuwa akipakua chakula. Ilibaki chai kidogo kwenye sufuria, maana tangu Alhamisi hakuliondoa lile jiko. Aliimimina kwenye kikombe cha bati, ikitoa mvuke. Mzee akanyoosha mkono kuipokea, ule mkono ambao usingemwambia kama kikombe kinaunguza.

Mama Helen hakumpa. Alikizungushia kikombe viganja vyake viwili, akaketi karibu naye, akangoja. Alikishika hivyo, yeye ambaye hajawahi kuonja, mpaka aliposikia alichokuwa anakitafuta.

"Haya," akasema, akamwekea mdomoni.